Wakili wa Nusu Safari

Wifi yangu Delphia Sturgill alipika chakula cha shule mpaka mgongo ukagoma, na katika maisha yake yote hajawahi kuondoka jikoni pale na hata punje ya chumvi isiyo yake. Naanza na hilo kwa sababu huko Virginia kuna faili lenye jina lake, na mtu asiyemjua akilisoma atadhani ni jambazi.

Sisi tunakaa Kentucky, chini ya mlima. Mpaka wa majimbo unapita juu kileleni, na ukisimama pale huoni chochote cha kukuambia kwamba umetoka kwenye sheria hii umeingia kwenye ile. Miti ni ileile, kupe ni walewale. Makaburi ya akina Sturgill yako upande wa pili, Virginia, kwa sababu wazee wetu walikuwa wa huko kabla migodi ya makaa haijawavuta huku. Kaka yangu Burl, mume wa Delphia, amelala huko. Nola naye yuko huko. Alikuwa mtoto wao wa pekee, akafa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne.

Kila ukoo wa milimani una Jumapili yake ya kusafisha makaburi, na yetu ni ya mwisho wa Mei. Mnafyeka, mnapiga reki, mnasimamisha mawe yaliyoinama, mnaweka maua ya karatasi mliyoyatengeneza wakati wa baridi. Mnaanza na wazee na kumaliza na watoto, ndivyo tulivyokuta. Halafu mnaimba, mnatandika mashuka kwenye nyasi na kula. Hakuna anayealikwa na hakuna anayeomba ruhusa. Kwa watu wetu, kuomba ruhusa ya kumwona marehemu wako ni kukubali kwamba amekuwa mali ya mtu mwingine. Ungeona aibu hata kulitamka.

Kampuni ya mbao iliyokuwa na ule mlima ilitujua na haikutusumbua. Kisha ikamuuzia bwana mmoja wa mjini, Prentiss Hale, aliyetaka kujenga nyumba za kukodisha kwa wawindaji. Huyo akaweka geti la chuma kwenye njia ya makaburi, akalifunga kwa mnyororo, akatundika kibao cha kukataza watu kuingia. Hakuuliza mtu. Kwenye kile kibao kulikuwa na nafasi ya kutosha kuchora kichwa cha paa, lakini kuandika namba ya simu hakukuwa na nafasi.

Tulilikuta geti lile Jumapili yenyewe, magari yamejaa masufuria na watoto. Wifi akashuka, akaushika mnyororo, akauachia. Akaenda nyuma ya gari akatoa mkasi wa Burl wa kukatia vyuma.

"Wifi, subiri," nikamwambia. "Tumtafute kwanza mwenyewe."

"Mwenyewe yupi? Mwenyewe yuko juu kule, ana miaka minne."

Akakata. Ulikuwa mnyororo mpya, ukaanguka kwa kishindo, na sisi tukapita. Tukafyeka, tukapiga reki. Jua lilipokuwa kali tukasema tule kwanza, makaburi ya watoto tutayamalizia baada ya chakula. Hatukujua kwamba yule bwana amefunga kamera mtini.

Askari alikuja tukiwa kwenye kuku. Kijana mdogo, masikio mekundu, kofia kaishika mkononi.

"Shikamooni. Samahani jamani, nani kakata mnyororo wa getini?"

"Mimi," akasema wifi.

"Wifi, nyamaza," nikamnong'oneza.

"Ninyamaze nini? Si nimekata mimi? Wewe mwanangu, kaa ule, mbona umekonda hivyo? Nani anakupikia?"

Akakaa. Nakuambia alikaa! Alikula paja la kuku la wifi yangu, akaongeza maharage na mkate wa mahindi, akala kipande cha keki ya tufaha, akajifuta mikono, akatoa kijitabu chake na kuandika mashtaka mawili: kuingia eneo la mtu bila ruhusa, na kuharibu mali. Kila moja linaweza kumpeleka mtu jela hadi mwaka mzima. Akampa wifi hati ya wito, naye akatia sahihi kwamba atafika mahakamani. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba inabidi wote tuondoke sasa hivi.

"Sijafika kwa mwanangu," wifi akamwambia. "Tumemaliza wazee tu. Nipe muda kidogo."

"Siwezi, mama. Mwenye ardhi anaangalia kwenye kamera."

Kaburi la Nola likabaki na magugu yake, na wifi akateremka mlima na maua yake ya karatasi mapajani. Nilikuwa nimeshika usukani na macho yangu yalibaki barabarani, maana ningemtazama ningegonga mti.

Siku chache baadaye binamu yetu Hobert, ambaye ana ushauri kwa kila tatizo lisilo lake, akaja kukaa barazani kwa wifi na kutoa hukumu.

"Usiende mahakamani. Virginia na hapa wapi na wapi? Watakuja kukuchukua kwa punda? Wameshakula kuku, hiyo inawatosha."

"Nimetia sahihi kwamba nitafika, Hobert."

"Sahihi! Mimi nimetia sahihi kwa wanawake wawili, mbona nakaa peke yangu?"

Tulicheka, lakini wifi hakucheka. Kesho yake alivaa viatu vya kanisani, tukaenda kwa Bwana Tackett, wakili wetu wa mjini, ambaye kazi yake kubwa ni wosia na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Akaisoma ile hati ya wito mara mbili.

"Delphia, ningekwenda nawe leo hii," akasema. "Lakini leseni yangu ni ya Kentucky. Nikivuka kilele, mimi ni mtu tu aliyevaa tai. Mahakama ya kule hainijui."

"Kwa hiyo Hobert amesema kweli? Nisiende?"

"Hobert!" Mzee nusura aangushe kikombe. "Ukimsikiliza Hobert, watatoa hati ya kukukamata. Utakaa hapa ukidhani yameisha, halafu siku moja askari wa huku atakusimamisha kwa sababu taa ya gari imekufa, atabonyeza mashine yake, na jina lako litatokea. Unatakiwa upate wakili wa kule kule."

Hakutaka malipo yoyote kwa kusoma. Akatupa jina la mwanamke mmoja, Corinne Ashby, ambaye ofisi yake iko karibu na mahakama ya upande wa pili.

Kuzunguka mlima kwa gari ni safari ya kuchosha kiuno. Wakili Ashby alikuwa na umri wa kuweza kuwa binti yetu, msemaji wa haraka, na meza yake ilikuwa safi kupita kiasi. Akatutajia bei ya kubeba kesi nzima, tangu mwanzo hadi hukumu. Wifi akamwomba arudie.

"Hukusikia, mama?"

"Nimesikia. Nataka kuona kama mara ya pili utaona aibu."

Ashby akacheka, na kucheka kwake kulinipunguzia chuki kidogo. Akasema kuna njia nyingine. Mtu anaweza kumwajiri kwa kipande tu cha kazi. Atasoma faili, atamweleza wifi anakabiliwa na nini, na siku ya kesi atazungumza na mwendesha mashtaka kabla hawajaingia ndani, atafute makubaliano. Makubaliano yakipatikana, yeye atayaandikisha na kesi imekwisha. Yasipopatikana na kesi ikasikilizwa, yeye hayumo. Mambo ya ardhi vilevile hayumo.

"Kama fundi wa kupaka ukuta mmoja," wifi akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini huo mmoja nitaupaka vizuri. Sasa niambie, unataka nini kwenye kesi hii?"

"Nataka kurudi kwa Nola."

"Na hutaki jela."

"Jela sijaitaja. Nimesema nataka kurudi kwa Nola."

Ashby akaandika kitu, sijui nini. Wakatia sahihi mkataba wao, naye alikuwa mwaminifu, maana kila alichosema hatakifanya alikisema mapema na kwa sauti. Hilo namwachia. Lakini hebu nieleze, mtu anawezaje kukusikia ukitaja kitu kimoja tu unachokitaka, akakubali hela zako, na hicho kitu kimoja kikawa ndicho kisichomo kwenye kazi yake? Niliuliza swali hilo njia nzima ya kurudi. Wifi akaniambia niangalie barabara.

Siku ya kesi ilikuwa Julai, na ukumbi wa mahakama ulikuwa na joto la kuokea mkate. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba. Hale alikuwa amesimama karibu na dirisha, amevaa shati jipya la wawindaji ambalo halijawahi kuona hata mwiba. Hakututazama. Ashby akatoka kwenye chumba cha mwendesha mashtaka akitembea haraka, na uso wake unang'aa.

"Mama Sturgill, nimepata kitu kizuri sana. Hakuna kesi, hakuna kukiri kosa. Unamlipa mnyororo wake, faili linakaa pembeni miezi sita, halafu linafutwa. Utakuwa msafi kabisa."

"Wako radhi hivyo tu?"

"Kwa sharti moja. Usikanyage tena ardhi ya Bwana Hale. Hilo halina mwisho, kalishikilia."

Wifi akauliza polepole, "Na Nola?"

"Hilo ni jambo la ardhi, mama. Ipo sheria ya makaburi, lakini hiyo ni kesi nyingine, ya madai, ina masharti yake na gharama zake. Haimo kwenye mkataba wetu."

Nikasimama. "Umesema ipo sheria?"

"Ipo, ndugu wa marehemu wana haki fulani ya kutembelea makaburi. Lakini..."

"Na ulikuwa unasubiri nini kutuambia? Tuzikwe na sisi?"

"Dada, mliniajiri kwa mashtaka," akasema, na shingo ikamwiva. "Ningewafungulia mlango wa kesi ambayo siwezi kuwapeleka."

"Wifi, keti," Delphia akasema. Akamgeukia Ashby. "Siyataki hayo makubaliano."

"Mama, nakuomba unisikilize. Ukiyakataa, mkataba wangu umefika mwisho. Utasimama mwenyewe mbele ya hakimu. Umeshamwambia askari kwamba ulikata. Wakitaka, wanaweza kukufunga."

"Nimesikia. Wewe umefanya ulichoahidi, binti. Sina ugomvi nawe."

Mimi nilikuwa nao, tena mkubwa. Lakini haki yake nitampa: hakuondoka. Aliingia nyuma yetu akakaa benchi la mwisho, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kumzika jirani ambaye hakuelewana naye vizuri.

Hakimu alikuwa mzee mwenye nyusi nyingi na subira kidogo. Akamuuliza wifi kama anajua anaweza kufungwa, na kama bado anataka kuendelea bila wakili. Wifi akajibu ndiyo mara mbili. Hale akapanda kizimbani, akaapa, akaeleza geti lake, mnyororo wake na kamera yake. Yake, yake, yake. Mwendesha mashtaka, kijana wa nywele za kulala, akamshukuru na kukaa.

"Mama Sturgill," hakimu akasema, "unaweza kumuuliza shahidi maswali."

Wifi akasimama akiwa ameshika mgongo wa kiti. "Bwana Hale, ulipoununua ule mlima, uliyaona makaburi?"

"Niliyaona."

"Ulisoma majina?"

"Sikusoma."

"Lile dogo kabisa, lenye kondoo juu ya jiwe, hukusoma?"

"Mheshimiwa, hili halihusiani," mwendesha mashtaka akadakia.

"Nimesikia," hakimu akasema. "Jibu, bwana."

"Nadhani niliona kondoo," akasema Hale. Lo! Aliona kondoo! Alitembea hadi kwenye kaburi la mtoto, akaangalia jiwe, akateremka, akaenda dukani kununua mnyororo.

Hakimu akamuuliza wifi kama ni yeye aliyekata. Akasema ni yeye, kwa mkasi wa mume wake, na kwamba alimwambia askari siku ileile huku askari akila. Watu wakacheka kwenye mabenchi, na yule kijana wa masikio mekundu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akayageuza masikio yake ukutani. Wifi hakumaliza hapo. Akasema ana miaka mingi ya kwenda pale, kwamba siku ile alitolewa kabla hajamfikia mwanawe, na kwamba nje ya chumba hiki ameambiwa atakuwa msafi kabisa iwapo ataahidi kutomwona tena.

"Hicho sitakiahidi," akasema. "Nifungeni. Nikitoka nitakwenda."

Hakimu akavua miwani, akamtazama mwendesha mashtaka.

"Unaijua sheria ya jimbo hili juu ya makaburi yaliyo kwenye ardhi ya mtu binafsi?"

"Naijua, Mheshimiwa."

"Bwana Hale, na wewe?"

Hale akasitasita. "Mwanasheria aliyesimamia ununuzi aliigusia."

Basi wote walikuwa wanaijua. Mwenye ardhi aliijua, mwenye kushtaki aliijua, hata tuliyemlipa aliijua. Katika chumba kile kizima, asiyeijua alikuwa mama wa mtoto peke yake, na yeye ndiye aliyesimamishwa kama mkosaji. Nilitamani kupiga kelele. Niliuma leso yangu, na bado ina alama za meno.

Hakimu akamweleza wifi kwa lugha ya kueleweka. Mwenye ardhi hana haki ya kuwazuia ndugu kuja kuona na kutunza makaburi yao. Ila wao wanatakiwa wamtaarifu kwanza, kwa muda wa kutosha. "Na wewe hukumtaarifu."

"Mheshimiwa, mimi sijui kuomba ruhusa ya kumwona mwanangu. Sitajifunza uzeeni."

"Sijasema ruhusa, mama. Nimesema taarifa. Ruhusa anaweza kuikataa. Taarifa hana cha kuikataa."

Akainama akaandika. Shtaka la kuingia bila ruhusa akalifuta. La mnyororo akamtia hatiani, maana mnyororo si kaburi, na aliyeukata alikuwa na njia nyingine hata kama hakuna aliyemwonyesha. Atalipa faini na bei ya mnyororo, jela hakuna. Mimi nilitaka kukata rufaa hapo hapo, nikiwa nimesimama, kwa mdomo wangu. Hale akaanza kufunga vifungo vya shati lake, ameridhika. Kwa huyo mambo yalikuwa yamekwisha: mwanamke ana hatia, imeandikwa.

"Ni haki," wifi akasema. "Nilikata, nitalipa. Lakini Mheshimiwa, hiyo taarifa inatolewa wapi? Kuna ofisi?"

"Hakuna ofisi. Anapewa mwenye ardhi."

Wifi akaachia kile kiti. Aligeuka mwili mzima, polepole kwa sababu ya mgongo, mpaka akamtazama Prentiss Hale usoni, na kwa mara ya kwanza yule bwana hakuwa na dirisha la kuangalia.

"Bwana Hale, nakutaarifu. Si Jumapili hii, ni ile inayofuata. Saa nne asubuhi."

Hale akamtazama mwendesha mashtaka, na mwendesha mashtaka akawa na karatasi nyingi za kupanga. "Jumapili hiyo nina wageni," akasema.

"Sikukuuliza kama una nafasi, baba. Nimekutaarifu mbele ya hakimu." Akauchukua mkoba wake kitini. "Geti liwe wazi. Tutakuwa wengi."